Kufungua Njia ya Kufikia Seva ya Ndani: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Taasisi za Himbi

Kwa waheshimiwa wakuu wa vyuo, shule, vituo vya afya, koperative za akiba na mashirika yenye ofisi katika mtaa wa Himbi, mjini Goma. Na kwa mafundi wanaowatunzia mitandao.

Seva ya ndani ni kompyuta ambayo taasisi imeiweka kwenye jengo lake ili ihifadhi kazi ya kila siku: matokeo ya wanafunzi, faili za wagonjwa, vitabu vya hesabu, katalogi ya maktaba. Fayawoli, ambayo mafundi wengi wa Goma waliosoma kwa Kifaransa huiita parefe, ni programu inayokaa kati ya seva hiyo na dunia, mara nyingi ndani ya ruta yenyewe. Inakagua kila pakiti ya data inayotaka kupita, kisha inaamua ipite au itupwe. Mtu aliyeketi sekretarieti, mita kumi kutoka kwenye seva, anafungua ukurasa bila shida. Akifika nyumbani Keshero jioni na kujaribu ukurasa uleule, hapati kitu. Hakuna kilichoharibika. Fayawoli iliyopangwa kwa kawaida huwaacha wa ndani watoke na kuwazuia wa nje wasiingie, mpaka iambiwe vingine.

Barua hii inahusu namna ya kuiambia vingine: kwa maneno gani, na nani awe ameamua kabla. Inaelekezwa kwa wakuu kwanza na mafundi baadaye, kwa kuwa makosa makubwa ya kazi hii hutokea pale amri inapoandikwa bila uamuzi wowote nyuma yake. Mkuu anapiga simu akiwa safarini Kinshasa na kusema, "Fungua nione ripoti." Fundi anafungua. Ripoti inaonekana, mkuu anarudi Goma, na mlango unabaki wazi miaka mitatu.

Haja ya kufikia seva kutoka mbali ni ya kweli zaidi mjini Goma kuliko miji mingi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama kwa hofu ya mlipuko mwingine. Watu wakakimbilia Sake, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika, benki zikafunga, na wafanyakazi wengi wakatawanyika. Mara zote mbili seva zilibaki kwenye majengo na watu wakawa kwingine. Upande wa pili uko pia: kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku ishirini. Siku hizo seva ya ndani ilikuwa mali ya thamani, maana wa ndani waliendelea kuitumia. Mpangilio mzuri unazingatia hali zote mbili: kufikika kutoka nje, na kutotegemea nje ili kufikika kutoka ndani.

Kazi inaanza na anwani. Seva ya taasisi huwa na anwani kama 192.168.10.5, na anwani hiyo haijulikani popote nje ya jengo. Tangu Februari 1996, hati ya kimataifa iitwayo RFC 1918 imetenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Seva yenye 192.168.10.5 inaweza kuwa Himbi, nyingine Katindo, nyingine Mombasa, nyingine Muscat, zote kwa wakati mmoja bila kugongana, kwa sababu hakuna ruta ya intaneti inayobeba pakiti kwenda kwenye anwani hizo. Sababu ya kuzitenga ni uhaba. Mfumo wa zamani wa anwani, IPv4, una takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na shirika linalogawa anwani Afrika, AFRINIC, limekuwa likizigawa kwa vipimo vidogo. Kwa hiyo mtoa huduma huipa taasisi anwani moja ya umma, akiwa mkarimu, na ruta hubeba mzigo wa kuzificha kompyuta zote nyuma ya anwani hiyo moja. Ufichaji huo unaitwa NAT.

Ili mtu wa nje afikie seva, ruta lazima iambiwe jambo la kinyume: pakiti ikifika kwenye anwani ya umma ikiomba huduma fulani, ipelekwe kwa seva fulani. Huduma hutambulishwa kwa namba iitwayo poti. Kurasa za wavuti zenye usimbaji hutumia poti 443, kuingia kwenye Linux kwa mbali ni 22, meza ya mbali ya Windows ni 3389. Kwenye ruta ya MikroTik, aina inayoonekana sana kwenye ofisi za mji huu, amri yenyewe ni mstari mmoja:

`/ip firewall nat add chain=dstnat in-interface=ether1 protocol=tcp dst-port=443 action=dst-nat to-addresses=192.168.10.5 to-ports=443`

Mstari huu unasomeka kama sentensi. Pakiti inayoingia kupitia ether1, yaani waya wa mtoa huduma, ikiwa ni ya itifaki ya TCP na inaelekea poti 443, ibadilishwe mwelekeo, ipelekwe 192.168.10.5 kwenye poti 443. Jambo la kutazama zaidi ni lile ambalo mstari haulisemi. Hausemi pakiti itoke kwa nani. Ulivyoandikwa, unamkaribisha kila mwenye intaneti duniani. Mstari huohuo ukiongezewa `src-address=` na anwani ya tawi la taasisi kule Bukavu, unamkaribisha mmoja tu.

Mafundi wengi wanaamini kwamba NAT hutafsiri anwani tu, na kwamba kanuni za kuchuja zilizo chini yake bado zitalinda. Inategemea. Kwenye mpangilio wa kiwandani wa MikroTik, kanuni ya mwisho ya kupitisha pakiti hutupa kila muunganisho mpya unaotoka nje, *isipokuwa* ule uliokwisha kubadilishwa mwelekeo na NAT. Maana yake mstari mmoja wa hapo juu unatosha kufungua mlango wote, bila kanuni nyingine. Kwenye fayawoli nyingine, na kwenye ruta ambayo fundi amefuta mpangilio wa kiwandani na kuandika wake, kanuni mbili zinahitajika: moja ya kubadilisha mwelekeo, moja ya kuruhusu. Asiyejua ruta yake iko kundi lipi asiguse kitu kabla ya kusoma orodha yote iliyopo.

Orodha hiyo husomwa kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayotekelezwa. Zilizo chini yake hazitazamwi tena. Juu kabisa hukaa kanuni inayopitisha miunganisho iliyokwisha kukubaliwa na ile inayohusiana nayo, ili majibu ya seva yasitiliwe shaka upya kila mara. Katikati hukaa ruhusa. Chini kabisa hukaa kanuni ya kutupa kilichobaki chote. Kanuni mpya, isipopewa nafasi, hujipanga mwishoni, chini ya ile ya kutupa, na hapo haifanyi kazi yoyote. Kosa linalofuata hujulikana kwa kila aliyewahi kufanya kazi hii akiwa na mkuu amesimama nyuma ya kiti chake. Fundi anajaribu, haifungui. Anaandika tena, haifungui. Mkuu anaangalia saa. Fundi anazima kanuni ya kutupa "kidogo tu tuone". Ukurasa unafunguka. Mkuu anashukuru na kuondoka. Kuanzia dakika hiyo taasisi haina fayawoli. Dawa ilikuwa kuburuta kanuni mpya nafasi moja juu.

Mbele ya kanuni zilizoandikwa vizuri huweza kusimama kizuizi kingine kisichoonekana. Taasisi nyingi za Himbi hupata intaneti kwa modemu ya 4G au kwa huduma ya kawaida ya setilaiti kama Starlink, na kwenye njia hizo anwani inayoonekana kwenye ruta kwa kawaida si ya umma. Ni anwani ya ndani ya mtoa huduma, ambaye naye amewaficha wateja wake maelfu nyuma ya anwani chache, NAT juu ya NAT. Kuitambua hali hiyo ni rahisi. Anwani iliyo kwenye waya wa nje wa ruta inalinganishwa na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kutaja anwani ya mgeni. Zikitofautiana, kuna ufichaji katikati. Na ikiwa ile ya ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hakuna haja hata ya kulinganisha, kwa maana fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu. Dalili nyingine iko kwenye orodha ya kanuni: safu inayohesabu pakiti mbele ya kanuni ya NAT inabaki sifuri hata mtu wa nje akijaribu mara ishirini. Pakiti hazifiki mlangoni. Kuandika kanuni upya hakutazileta.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma isiyobadilika, ambayo hulipiwa zaidi kila mwezi na haipatikani kwenye kila aina ya huduma. Ya pili, ambayo kwa hali ya Goma mara nyingi ndiyo bora, ni kukodi kompyuta ndogo kwenye kituo cha data mahali penye umeme wa kudumu, kisha ruta ya Himbi ikapiga simu kwenda kule na kushikilia laini. Mtu wa nje naye anapiga kulekule. Wanakutana katikati, na hakuna mlango wowote unaofunguliwa Himbi, kwa sababu ruta imetoka yenyewe, na kutoka kunaruhusiwa siku zote.

Sasa swali ambalo ni la wakuu hasa: je, seva yenyewe ifunguliwe kwa dunia?

Kwa sehemu kubwa ya kazi za taasisi, hapana. Mashine zinazozunguka intaneti zikigonga kila poti ya kila anwani hazilali na hazichagui, hazijui kama anwani ni ya benki ya London au ya kituo cha afya cha Himbi. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea kwa kupitia poti 445, ile ya kugawana mafaili ya Windows, ikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro iliyotumiwa, tangu Machi. Mwaka 2018 ikawa zamu ya ruta zenyewe. Kasoro kwenye poti 8291, ambayo mafundi huitumia kusimamia MikroTik kwa programu ya Winbox, ilimwezesha mgeni kusoma manenosiri ya ruta. Kiraka kilitoka Aprili; Agosti mwaka huohuo maelfu kwa maelfu ya ruta, kuanzia Brazil, zilikuwa zimetekwa na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijiti kwa kompyuta za watu. Waliotekwa ni wale walioacha poti ya usimamizi wazi kwa nje na hawakusasisha. Hakuna sababu yoyote ya kufungua kwa dunia poti 22, 445, 3306 (ya hifadhidata), 3389 au 8291. Na ile mbinu ya kuhamisha 3389 ikawa 33890 ili "wasiione" inawachelewesha wagongaji kwa muda wa kunywa chai.

Mfano wa maktaba unaonyesha jinsi uamuzi unavyopaswa kugawanywa. Koha, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo leo iko kwenye vyuo vingi vya Afrika Mashariki, ina nyuso mbili. Upo ukurasa wa msomaji, wa kutafuta vitabu, na upo ukurasa wa mtunza maktaba, wa kuazimisha, kutoza faini na kufuta wanachama. Katika mipangilio ya kawaida ya kujifunzia, nyuso hizi hukaa kwenye poti mbili za seva moja, 80 kwa msomaji na 8080 kwa mtunza. Mwanafunzi aliye Bukavu anastahili kuona katalogi. Hakuna ubaya ukurasa wa msomaji ukafunguliwa kwa wote, ukiwekewa usimbaji na kuhamia 443. Ukurasa wa mtunza hauna kazi yoyote nje. Fundi aliyeambiwa "fungua maktaba" atafungua zote mbili, na hatakuwa amekosa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Mkuu aliyeandika "katalogi kwa wote, ukurasa wa mtunza kwa watu wawili" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fayawoli bila kugusa ruta.

Kwa kila kisicho cha umma, mlango unaofunguliwa ni mmoja, nao ni wa VPN, yaani handaki lenye usimbaji kati ya simu au kompyuta ya mfanyakazi na ruta ya taasisi. WireGuard, iliyoingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2020 na kupatikana kwenye MikroTik tangu toleo la 7, ndiyo rahisi zaidi kuitunza leo. Inasikiliza kwenye poti moja ya UDP, kwa mazoea 51820, na pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo unaotambuliwa haijibiwi kwa neno lolote, hata la kukataliwa. Mgongaji anaona ukuta usio na mlango. Kila mfanyakazi ana ufunguo wake na anwani yake ndogo ndani ya handaki, tuseme 10.20.0.7. Kanuni ya kuchuja inayofuata inasema kwamba wenye 10.20.0.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 10.20.0, wanafika 192.168.10.5 kwenye poti 443, basi. Aliyeingia kwenye handaki hajawa mwenye nyumba. Hana sababu ya kufikia printa, kamera za usalama au ruta.

Faida ya ufunguo wa mtu mmoja mmoja inaonekana siku mambo yanapoharibika. Simu ya mhasibu ikinyang'anywa njiani, fundi anafuta mstari mmoja, wa 10.20.0.7, na wengine wanaendelea na kazi. Taasisi inayotumia nenosiri moja la wote italazimika kulibadilisha kwa watu thelathini waliotawanyika miji minne, na kwa uzoefu wa dunia hii haitalibadilisha.

Kuna shida moja ya WireGuard ambayo vitabu huipitia haraka, nayo inaigusa Goma moja kwa moja. Kila mara kifaa kinapoomba kuanza mazungumzo, hutuma pia saa yake, na upande wa pili hukataa ombi lenye saa ya nyuma kuliko ombi lililopita, ili mtu asirudie pakiti za zamani alizozinasa. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika, zikawaka tena, huweza kudhani ni Januari 1970 mpaka zipate saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Ruta ya tawi iliyowaka baada ya umeme kukatika inaomba handaki kwa saa ya 1970, inakataliwa, na fundi anahangaika na fayawoli isiyo na kosa. Ruta ipewe seva ya saa inayofikika bila kupitia handaki, vinginevyo itasubiri saa kupitia handaki ambalo linasubiri saa. Saa hiyohiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kumbukumbu za fayawoli. Rekodi za wizi zenye tarehe ya 1970 hazimsaidii mtu.

Pendekezo linalorudi kila mara kwenye mikutano ni kuruhusu anwani za Congo tu na kufunga nchi nyingine zote. Linavutia, na kwa mji mwingine lingeweza kusaidia. Himbi iko kilomita chache kutoka mpakani. Wakazi wengi wana simu ya laini mbili, moja ya Congo na moja ya Rwanda, na hutumia ile yenye mawimbi au vifurushi nafuu siku hiyo. Kwa macho ya fayawoli, mhasibu aliyeketi nyumbani kwake Himbi na laini ya Rwanda yuko Rwanda. Anwani za setilaiti nazo huweza kuonekana kama za nchi ambako mawimbi yanashukia. Kichujio cha nchi kitawafungia nje wenye haki, nao watampigia fundi simu, na fundi atakizima. Afadhali ufunguo, usiojali mtu yuko nchi gani.

Upande wa ndani husahauliwa kwa sababu ukuta wa nje huonekana mkubwa. Taasisi nyingi hutoa Wi-Fi kwa wageni: wazazi wanaosubiri kulipa minerval (ada ya shule), wagonjwa kwenye baraza, washiriki wa semina. Nenosiri limeandikwa kwenye karatasi ukutani. Ikiwa Wi-Fi hiyo iko kwenye mtandao mmoja na seva, kila mgeni yuko ndani ya fayawoli tayari, na kanuni zote zilizoelezwa hapo juu hazimhusu, maana pakiti zake hazipiti zinapokaguliwa. Wageni wawekewe mtandao wao, tuseme 192.168.50.0/24, na kanuni inayowaruhusu kutoka nje na kuwazuia kuelekea 192.168.10.0/24. Seva nayo iwe na fayawoli yake. Kwenye Linux ya Ubuntu mstari ni huu:

`sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 443 proto tcp`

na mwingine kama huo kwa 10.20.0.0/24. Kabla ya kuiwasha kwa `ufw enable`, fundi aliyeingia kwa mbali aruhusu kwanza poti 22 kutoka kwenye anwani yake ya handaki, la sivyo atakata tawi alilokalia na kulazimika kupanda motari usiku kutoka Ndosho. MikroTik ina kinga ya ajali hiyo, kitufe kiitwacho Safe Mode: muunganisho wa fundi ukikatika katikati ya kazi, mabadiliko yote aliyofanya tangu alipokibonyeza yanafutika yenyewe. Kinatumiwa kidogo mno.

Jina la seva pia linahitaji mpango. Wafanyakazi waandike jina moja popote walipo, na jina hilo lijibiwe kwa anwani ya 192.168.10.5 wakiwa ndani au kwenye handaki. Huduma ya majina ya ruta (DNS) inaweza kufanya hivyo kwa mstari mmoja. Bila hilo, mtu wa ndani hutumwa kwenye anwani ya umma, pakiti yake inatoka na kugeuka kurudi, na ruta nyingi hazijui kugeuza bila kanuni ya ziada. Na intaneti ikizimwa, kama Januari 2019, jina halijibiwi na seva iliyo chumba cha pili inakuwa kama iko sayari nyingine.

Linalobaki ni karatasi, na hapa barua inarudi kwa wakuu. Kila ruhusa iandikwe kwenye daftari kabla haijaandikwa kwenye ruta: huduma gani, kwa nani, kupitia njia gani, hadi tarehe ipi, na sahihi ya aliyeamua. MikroTik inaruhusu maelezo mbele ya kila kanuni, na namba ya ukurasa wa daftari inatosha kuwa maelezo hayo. Kanuni isiyo na namba haina mwenyewe, inaweza kuzimwa. Mambo haya si ya adabu pekee: Kanuni ya Dijiti ya Congo, amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina masharti juu ya ulinzi wa data za watu binafsi, na faili za wagonjwa na matokeo ya wanafunzi ni data za watu binafsi. Atakayeulizwa ni taasisi.

Nakala ya mpangilio wa ruta itolewe kwa amri ya `/export` kila baada ya badiliko na itunzwe nje ya jengo. Umeme unaorudi kwa nguvu huunguza ruta. Inanunuliwa nyingine Birere asubuhi ileile, na fundi asiye na nakala huiandika kwa kumbukumbu ya kichwa chake, akianza na kufungua kila kitu ili kazi iendelee.

Jaribio la mwisho hufanywa kwa simu, Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa data ya laini ya kawaida. Anayejaribu kwenye mtandao wa jengo hajajaribu lolote. Kinachotakiwa kufunguka kifunguke: handaki, kisha ukurasa wa seva. Na kisichotakiwa kijaribiwe kwa bidii ileile, bila handaki: ukurasa wa mtunza maktaba, meza ya mbali, Winbox. Jaribio hilo lirudiwe siku tarehe ya ruhusa inapokwisha au mfanyakazi anapoacha kazi. Fundi anazima kanuni, anatoka hadi getini na simu yake, anajaribu, ukurasa unazunguka mpaka unachoka, anarudi ndani na kuandika saa na sahihi yake kwenye mstari uleule wa daftari.

Himbi, Goma